Maswali ya Wasomaji: Je, Gego la Utotoni Linastahili Kofia ya Chuma?

Barua tatu za toleo hili, mbili za Arusha na moja ya Moshi, zinahusu meno ya watoto yaliyotoboka na kofia zinazotumika kuyafunika, ambazo kliniki nyingine huziita krauni.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Binti yangu ana miaka 5 na gego lake la mwisho la chini, upande wa kushoto, limetoboka. Kwenye kliniki ya meno nimeambiwa lisizibwe kwa kawaida bali livikwe kofia ya chuma. Mama mkwe anasema huko ni kutafuta fedha tu, maana jino la utotoni litang'oka lenyewe, na watoto wake wote waling'olewa bila madhara. Nimsikilize nani? Na hiyo kofia haitalizuia jino la ukubwani kuota?
Mama wa watoto wawili, Pasua, Moshi

JIBU: Mama, mpe mama mkwe heshima yake, lakini katika hili mfuate daktari aliyemwona mtoto. Ni kweli kwamba jino la utotoni litang'oka lenyewe. Kinachosahaulika ni lini. Meno ya mbele huanza kung'oka karibu na miaka 6, lakini gego la pili la utotoni, ambalo kwa maelezo yako ndilo lililoharibika, hukaa kinywani hadi mtoto afikishe miaka 10 au hata 12. Binti yako bado ana miaka mitano au zaidi ya kulitafunia makande.

Kutafuna si kazi yake pekee. Mtoto akikaribia miaka 6, nyuma ya gego hilo huota gego la kwanza la ukubwani, ambalo halisubiri jino lolote ling'oke na ambalo wazazi wengi hulidhania kuwa la utotoni. Gego la mbele yake likiwa limeng'olewa mapema, hili jipya husogea mbele na kuikalia nafasi ya jino litakalokuja baadaye, nalo hujikuta halina pa kutokea, likaota limepinda au likakwama ndani ya taya. Sitashangaa ukikuta mmoja wa mashemeji zako ana jino lililopanda juu ya jingine, ingawa hakuna aliyewahi kulihusisha na gego aliloling'oa utotoni.

Kwa nini basi lisizibwe tu? Tabaka gumu la nje la jino la utotoni ni jembamba, na kiini chenye mishipa ni kikubwa na kiko karibu na uso wa jino, kwa hiyo uozo hufika ndani upesi. Tundu likianzia kati ya gego na gego, kama ilivyo kwa watoto wengi, ukuta mzima wa jino huondoka, na dawa ya kuzibia iliyobanwa kwenye ukuta uliobomoka huvunjika au hudondoka, mtoto akarudishwa kwenye kiti kilekile kwa jino lilelile. Kofia hulifunika jino lote mpaka kwenye ufizi. Si jambo geni wala la majaribio: daktari wa meno Humphrey wa Marekani aliwaeleza wenzake namna ya kuzitumia kwa watoto mwaka 1950, na tangu hapo zimebaki kuwa tiba inayodumu kuliko nyingine kwa magego ya utotoni yaliyoharibika sana.

Zipo njia mbili za kuivika. Ya zamani ni kupiga sindano ya ganzi, kuondoa uozo, kulipunguza jino pande zote kisha kuifunga kofia kwa saruji ya meno. Na uozo ukiwa umegusa kiini, sehemu ya juu ya kiini huondolewa kwanza na dawa kuwekwa. Ya pili ilianzia kwa Norna Hall, daktari wa Uskoti, katika miaka ya 1980. Yeye aliacha sindano na mashine, akawa anaifunga kofia juu ya jino lenye uozo wake, kwa sababu bakteria waliofungiwa humo hukosa sukari na uozo husimama. Wengi walimshangaa, lakini utafiti uliofuata ulimpa haki. Kwa mtoto mwoga wa miaka 5, mimi ningeuliza kwanza kama njia hii inamfaa.

Ikimfaa, huenda siku chache kabla akawekewa vipete vidogo vya mpira kati ya meno ili kupata nafasi, na atalalamika kama mtu aliyenasa uzi wa nyama. Siku yenyewe daktari atajaribisha kofia za ukubwa tofauti, ataijaza inayomtosha saruji, ataibana kwa kidole, kisha mtoto ataambiwa aume pamba kwa nguvu huku saruji iliyozidi ikichuruzika pembeni na kufutwa. Ufizi hugeuka mweupe kwa muda kwa kubanwa. Jioni utaona meno ya upande wa pili hayakutani vizuri, kwa kuwa kofia imeinua uumaji. Usiogope, katika wiki chache meno hujipanga yenyewe.

Lakini kofia haifungwi juu ya jino lililokwisha kuzalisha usaha. Ikiwa binti yako huamshwa usiku na maumivu, au ufizi umevimba, au una kipele kinachotoa maji machafu, au jino linacheza kabla ya wakati wake, mweleze daktari waziwazi, na picha ya eksirei ipigwe. Hapo huenda kung'oa ndiko sahihi, na uulize kuhusu kifaa cha kuitunza nafasi. Mweleze pia kama mtoto hutokwa na upele akivaa hereni za bei nafuu, kwa sababu chuma cha kofia kina nikeli. Kuhusu jino la ukubwani, ondoa shaka: kofia imeshikamana na jino la utotoni peke yake, na siku likidondoka litadondoka nayo.

SWALI: Mwanangu wa miaka 8 ana meno ya mbele yenye rangi ya kahawia kama watoto wengi wa huku. Je, nayo yanaweza kufunikwa kwa kofia kabla hayajaoza?
Baba, Usa River, Arusha

JIBU: Ndugu yangu, rangi peke yake si uozo. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floridi nyingi, kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, nayo huliathiri jino likiwa bado linajengwa ndani ya taya. Magadi ya kulainishia maharage huongeza mzigo huo. Madoa ya floridi hufanana kushoto na kulia, na jino kwa kawaida ni gumu ukiligusa. Uozo huwa na tundu laini linalonasa chakula. Kofia ya chuma haina kazi kwenye meno ya mbele yenye madoa. Inaweza kumfaa ikiwa magego yake ya ukubwani yamemeguka, na hapo huwa ya muda mpaka akue. Kama ana mdogo wake, kumbuka kwamba kuchemsha maji hakuondoi floridi. Maji ya mvua au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa ndiyo nafuu. Dawa ya meno yenye floridi aendelee nayo, kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3 na cha njegere baada ya hapo, ateme asimeze.

SWALI: Mtoto wa miaka 4 aliyeoza meno ya juu ya mbele kwa kulala na chupa ya uji wa sukari, je, avikwe kofia nyeupe?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Zipo za zirkonia, aina ya kauri nyeupe, na zinapendeza, lakini jino hupunguzwa zaidi kuliko kwa chuma, ganzi huhitajika na gharama hupanda. Meno hayo yataanza kung'oka akiwa na miaka 6 hadi 8, na pengo la mbele mara nyingi haliharibu mpangilio kama pengo la gego. Fedha zikiwa chache, ningezipeleka kwenye magego kwanza. Kwa ya mbele, uliza kuhusu dawa ya kupaka yenye madini ya fedha na floridi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021: husimamisha uozo bila sindano, ila sehemu iliyooza hubaki nyeusi. Chupa ya usiku nayo iwe na maji matupu, la sivyo hata kofia hazitasaidia meno yaliyobaki.