Umepewa shule ya watoto tisini kule ziwani? Anza na vyeti vya kuzaliwa

Walimu wanaopandishwa cheo na kutumwa kaskazini hunipigia simu wakitaka kujua mambo mawili: joto ni kali kiasi gani, na mtandao unashika? Joto utalizoea. Mtandao unashika juu ya jiwe fulani, na mtoto yeyote wa kijiji atakupeleka. Wasiloniuliza ni shule ndogo kama hiyo inaishi kwa pesa gani, na hilo ndilo litakalowakosesha usingizi.

Niliongoza shule ya namna hiyo ufuoni mwa Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit, kati ya Waelmolo, jamii ndogo ya wavuvi, na majirani zao Wasamburu na Waturkana. Siku hizi naishi Umoja, hapa Nairobi, na kila nikiona watoto wa shule ya msingi ya mtaani wakimwagika langoni jioni, napiga hesabu. Serikali hutenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi. Shule ya watoto 1,200 inapata 1,704,000. Shule ya watoto 90 inapata 127,800, na zenyewe huja kwa vipande, mara nyingi zikiwa zimechelewa. Bawabu anayehitajika ni mmoja kule na mmoja huku. Bati lililong'olewa na upepo ni lilelile, ila la kwako limeongezewa nauli ya lori kutoka mjini.

Sensa ya 2019 iliwahesabu Waelmolo 1,104 nchi nzima. Watu wa idadi hiyo hawatajaza shule kubwa hata kila mtoto akija darasani. Basi mwalimu mkuu, usikubali hata mtoto mmoja akae kwenye dawati lako ilhali serikali haimjui.

Serikali humjua kwa cheti cha kuzaliwa. Bila nambari ya cheti, kumwingiza mtoto kwenye mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi kwa kompyuta ni vita, na asipoingia hahesabiwi kwenye mgao. Unamfundisha, unampikia, unamnunulia chaki, lakini kwenye karatasi za Nairobi hayupo. Kule ziwani watoto wengi huzaliwa nyumbani, mikononi mwa nyanya zao, na ofisi ya msajili iko mbali, safari ya siku nzima kwa lori, ukibahatika kulipata lori. Hakuna mama atakayeacha samaki juani na mtoto mchanga mgongoni akafuate karatasi ambayo faida yake hajaiona. Wala usimlaumu.

Kwa hiyo usiwatume wazazi mmoja mmoja. Kusanya kila kitu shuleni. Chagua siku ambayo akina mama watakuja hata bila wewe kuwaita, kwa mfano siku ya muuguzi kuchanja watoto, kisha umwombe naibu wa chifu aje na fomu zake akae chini ya kivuli chako, maana yeye ndiye anayethibitisha kuzaliwa kwa mtoto wa nyumbani. Kila mzazi alete kadi ya kliniki au ya ubatizo, pamoja na kitambulisho. Mzazi asiye na kitambulisho anza naye, kwa sababu faili ya mtoto wake itakwama hapo. Halafu angalia majina, tena angalia kwa makini. Kitambulisho cha baba kinaandika jina hivi, rejista ya chekechea vile, kadi ya kliniki vingine kabisa. Amua mara moja kwamba mtaandika kama kitambulisho kinavyoandika, na mzazi akubali kwa mdomo wake mwenyewe. Herufi moja iliyopotea darasa la kwanza itamrudisha kijana huyo ofisini akiwa na miaka kumi na minane. Faili zikishajaa, mwandikie msajili aje yeye. Ofisi huvutika kutoka ikijua itamaliza kazi ya watoto wengi kwa siku moja.

Kazi hii haina sherehe, na hakuna mgeni atakayepiga picha ya sanduku la fotokopi. Lakini ndiyo iliyoniletea madawati.

Chakula ndicho kinachofuata. Mwaka 2018 serikali ilichukua kutoka kwa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani jukumu la kulisha shule za maeneo kame, na siku hizi mpango huo uko chini ya NACONEK, baraza la elimu ya wahamaji. Mahindi na maharagwe huweza kufika muhula ukiwa umeshika kasi. Ghala liwe na kufuli mbili: ufunguo mmoja wako, mwingine wa mama anayeaminika kijijini, asiye jamaa wa mpishi. Kilo zinazotoka kila asubuhi ziandikwe kwa chaki mlangoni, nje, mtu yeyote asome. Gunia likipungua bila maelezo heshima yako imekwisha, hata kama mwizi ni panya.

Ratiba nayo ifuate ziwa. Upepo wa kule huvuma kwa nguvu usiku hadi asubuhi, kisha hupungua mchana. Maji ya Turkana yamepanda miaka ya karibuni hadi kijiji cha Komote kikabaki kisiwa, na kuna watoto wanaokwenda shule kwa mashua. Ukimchapa au kumfungia lango mtoto kwa kuchelewa kengele ya saa mbili, unamfundisha mwenye mashua kuvuka kwenye mawimbi. Sogeza kipindi cha kwanza, jaza pengo hilo jioni, mweleze afisa wa elimu kwa barua. Jaketi za kuokolea ziingie kwenye bajeti kabla ya rangi ya ukuta.

Mikutano ya bodi ni vivyo hivyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakupa bodi ya usimamizi, lakini haikwambii kwamba wajumbe wako wanavua usiku. Kaa nao nyavu zikiwa zimeanikwa. Pesa za shule zisomwe hadharani, kwa Kisamburu, na mtu wa pale, si wewe.

Wageni watakuja, hasa wakati wa tamasha la utamaduni la Loiyangalani. Watataka watoto wavae shanga waimbe. Mimi nilikataa kutoa watoto darasani kwa ajili ya kamera, na sijuti. Nyimbo na habari za kuvua kwa chusa tulizipa kipindi kwenye ratiba kila wiki, wazee wakifundisha, na mgeni aliyetaka kusikia alikaa nyuma darasani kama wengine. Anayetaka kutoa zawadi mpe orodha iliyoandikwa tayari: tangi la maji ya kunywa, kwa sababu ya ziwani yana chumvi na floridi inayoharibu meno na mifupa, mshahara wa mpishi, nauli ya msajili. Vishikwambi bila umeme wa jua wa uhakika wapeleke kwingine.

Kuhusu walimu, nitasema kifupi. Marupurupu ya mazingira magumu hayamzuii mtu kuomba uhamisho. Nyumba yenye mlango unaofungika na maji ya kunywa huzuia kidogo. Ukija Nairobi, ambako wenyeji wako huita "Kenya", pita ofisi za Tume ya Huduma kwa Walimu pale Upper Hill ukiwa na rejista halisi mkononi, darasa kwa darasa. Barua peke yake hupotea kati ya barua.

Na wewe mwenyewe utaondoka, tusidanganyane. Tangu mwaka wa kwanza mtafute mwalimu mzaliwa wa pale, hata kama bado ni mwalimu aliyeajiriwa na bodi, anayelipwa kwa samaki wakavu, umpe kazi ya faili za vyeti. Ajue zimewekwa wapi, nani bado hana, naibu wa chifu anapatikana siku gani, na nywila ya mfumo inabadilishwa vipi. Mwalimu mkuu mpya atakapofika, yeye ndiye atakayemkabidhi.