Mafundisho ya Komunyo ya Kwanza nyumbani kanisa linapofungwa: yaliyotupata kigangoni kwetu, Kigoma

Tumsifu Yesu Kristo.

Dada yangu wa Kisumu uliyeanzisha uzi huu, nimesoma ujumbe wako mara mbili kabla ya kujibu. Umesema binti yako wa miaka 9 alikuwa katika mwaka wa pili wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza makanisa ya Kenya yalipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, na kwamba hata baada ya miongozo ya Julai mwaka huo kufunguliwa kwa kanisa hakukumsaidia, kwa kuwa walioruhusiwa kuingia hawakuzidi 100, ibada haikuzidi saa moja, na umri uliokubalika ulikuwa miaka 13 hadi 58. Unauliza umfundishe nini na kwa namna gani, kama Misa ya televisheni inatosha, na kama atalazimika kurudia mwaka.

Mchangiaji aliyenitangulia amekushauri usubiri tu, kwa hoja kwamba mafundisho ni kazi ya katekista, yaani mwalimu wa dini, na mzazi asiyesomea anaweza kuharibu. Ninamheshimu, lakini katika hili sikubaliani naye, kwa sababu sisi tuliwahi kusubiri na ninakijua tulichovuna.

Ninaandika kutoka kijiji kimoja cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Kibirizi, ambako usafiri wa uhakika ni boti. Huku Tanzania mwaka 2020 serikali haikufunga nyumba za ibada. Zilizofungwa ni shule, kuanzia 17 Machi, na watoto wa msingi walirudi madarasani 29 Juni. Kwa hiyo uzoefu wangu hautokani na korona, bali unatokana na upepo. Mvua za mwisho wa mwaka 2018 ziliezua paa la kigango chetu, yaani kanisa letu dogo la kijijini lililo chini ya parokia, usiku mmoja, ukuta wa upande wa ziwa ukapata ufa mpana kiasi cha kupitisha mkono, na viongozi wakaweka kamba mlangoni mtu asiingie. Kamba ile ilikaa miezi kumi. Padre alikuwa akitufikia mara moja kwa mwezi hata kabla ya hapo, na katekista wetu, mzee anayehudumia vijiji vitatu, alikuwa akifundishia ndani ya kigango kila Jumamosi. Katika jumuiya yetu, ambayo mimi ni katibu wake, tulikuwa na watoto kumi na mmoja wa mafundisho, wawili kati yao wangu.

Miezi mitatu ya kwanza tulisubiri. Hakuna aliyeamua tusubiri. Kila mmoja alidhani mwenzake anafanya jambo. Mwanangu mkubwa, aliyekuwa anaisali Nasadiki, sala ya kukiri imani, bila kukwama, akaanza kuikatia katikati, na Jumapili asubuhi akawa ziwani na wenzake hadi jua kali. Nilipomgombeza alinijibu kwa adabu kabisa, "Mama, si kanisa limefungwa?" Sikuwa na jibu la haraka, kwa maana mimi mwenyewe Jumapili hiyo nilikuwa nimekaa naanika dagaa.

Kisha nikakosea upande wa pili. Nikatafuta ubao mdogo, chaki na katekisimu, kile kitabu cha dini cha maswali na majibu, nikaweka benchi uani na fimbo kando, nikawa mwalimu mkali kuliko wa shuleni. Baada ya wiki sita binti yangu alikuwa anajua majibu yote kwa mfululizo wake, nami nikajivuna mbele ya majirani. Katekista alipopita nyumbani nilimwomba ampime. Akamuuliza ni nani yumo katika Ekaristi Takatifu, mtoto akajibu bila kukosea neno. Akamuuliza tena kwa upole, "Na wewe siku ukimpokea, utamwambia nini?" Mtoto akanyamaza, akanitazama, akatazama ubao, halafu akaanza kusema jibu la swali linalofuata kitabuni. Mzee hakucheka wala hakunilaumu. Aliniomba tu nikifunge kile kitabu kwa wiki mbili, niwe namsomea mtoto Injili ya Dominika, yaani ya Jumapili, kisha yeye anisimulie mimi.

Kwa hiyo neno langu kuu kwako ni hili: usiigeuze nyumba kuwa darasa la mafundisho. Majibu ya kukariri yana nafasi yake, na sikubaliani na wale wanaoyadharau, kwa kuwa mtoto asiyeijua Sala ya Kutubu kwa kichwa atababaika siku ya kitubio, yaani ya kuungama dhambi. Lakini yanashika pale tu yanapokuja baada ya simulizi na baada ya tendo. Nyumbani una vitu ambavyo darasa halina, yaani meza, kazi, ugomvi wa ndugu, mgonjwa wa jirani, na saa za jioni.

Na hofu ya kwamba mzazi hajasomea isikutishe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1964 uliiita familia kanisa la nyumbani, na Sheria za Kanisa, katika kanoni (kifungu) ya 914, zinapotaja wajibu wa kuandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza zinaanza na wazazi ndipo zikamtaja paroko, padre msimamizi wa parokia. Hata historia ya mwambao wetu inasema hivyo. Mapadre wa shirika la Wamisionari wa Afrika (White Fathers) walipofika Ujiji mwaka 1879 hawakukuta kanisa la kufundishia, na mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliweka sharti la miaka minne ya maandalizi kabla ya ubatizo. Kazi hiyo ndefu ilibebwa kwa sehemu kubwa na makatekista walioketi na watu majumbani mwao. Huko Karema, kusini mwa ziwa hili, Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa udaktari Malta, alitibu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Wazee wa mwambao bado wanamtaja.

Sasa tulivyofanya. Jambo la kwanza lilikuwa kupata saa, na saa ile hatukuipata kwenye kalenda bali kwenye mwezi. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Usiku wa giza yuko majini na taa zake, na mchana amelala. Mbalamwezi inapokuwa kali dagaa hawakusanyiki kwenye taa, wavuvi wanapumzika, na baba anakuwepo nyumbani. Tukaamua kwamba siku za giza tutasali tu jioni, kwa ufupi, na wiki ya mbalamwezi ndiyo itakuwa ya mazungumzo marefu, baba akiwepo. Kwenu Kisumu huenda mzunguko ni wa zamu za kazi au siku za gulio, lakini tafuta ule ulio wa kwenu. Ratiba niliyoiga kutoka parokiani, ya Jumamosi saa tatu, ilivunjika ndani ya wiki mbili.

Jambo la pili ni bibi. Tazama tena hiyo miongozo yenu: ilimzuia mtoto wa chini ya miaka 13 na ilimzuia mzee wa zaidi ya miaka 58, maana yake Jumapili bibi na mjukuu wote wawili walibaki nyumbani. Umeandika kwamba mama mkwe wako anakaa nawe na kwamba anahuzunika kukosa Misa. Mkabidhi yeye mtoto amfundishe. Mama mkwe wangu hakusoma, lakini rozari anayo kichwani pamoja na matendo yake yote, nyingine kwa Kiha kama alivyofundishwa na mama yake, na ndiye aliyewaeleza watoto wangu kwa nini tunafunga Ijumaa Kuu, kwa kuwasimulia mwaka aliofiwa na mumewe katika Juma Kuu. Mimi nisingeweza kuwaeleza hivyo. Chunga tu jambo moja: bibi akichanganya imani na mambo ya kutisha watoto, kama wangu alivyokuwa akifanya kuhusu moto wa milele kila alipotaka wanyamaze, mrekebishe faraghani, si mbele ya wajukuu.

Jumapili yenyewe usiiache ipite kama Jumanne. Kanoni ya 1248 inasema kwamba pale Misa inapokosekana kwa sababu nzito, inashauriwa sana watu washiriki ibada ya Neno, au wasali kwa muda unaofaa, mmoja mmoja, kama familia au katika makundi ya familia. Sisi tulikuwa tunaoga, tunavaa nguo za kanisani, tunakaa mkekani chini ya mwembe saa nne, tunaimba wimbo mmoja, anasoma mtoto anayejua kusoma, tunaulizana tumesikia nini, kila mmoja anaombea mtu mmoja kwa jina, tunasali Baba Yetu na kumaliza kwa komunyo ya tamaa, yaani sala ya kumwomba Yesu aje moyoni pale usipoweza kupokea Ekaristi. Haizidi dakika arobaini. Hatukuigiza Misa, na ninasisitiza hilo kwa sababu kuna familia moja iliyokuwa inakata mkate na kugawa kama Ekaristi, kwa nia njema kabisa, na watoto wao waliporudi kanisani ilichukua muda mrefu kuwatofautishia.

Kuhusu Misa ya televisheni au ya Radio Maria, ni msaada mkubwa kwa bibi, na kwa mtoto ni msaada ikiwa mnasimama na kupiga magoti pamoja nayo. Mtoto akiwa amelala kwenye kochi na kikombe cha uji mkononi, amesikiliza kipindi.

Niseme pia yaliyotushinda. Katekista alijaribu kutuma mafundisho kwa sauti kwenye kundi la WhatsApp. Kati ya kaya za wale watoto kumi na mmoja, nne tu zilikuwa na simu ya kufaa, na bando lilikuwa linaisha katikati ya wiki. Halafu kundi likajaa unabii wa siku tatu za giza na minyororo ya "tuma kwa watu kumi", hadi mzee mwenyewe akajitoa. Kilichofanya kazi ni daftari. Kila mtoto alikuwa na daftari moja, na kila wiki anaandika au anachora jambo moja tu alilosikia katika Injili na jambo moja alilotenda. Mzazi anatia saini, na katekista akifika kijijini kwa shughuli zake nyingine anayakusanya, anayasoma usiku na kuandika neno kwa kalamu nyekundu. Watoto walilingoja lile neno la kalamu nyekundu kuliko kitu kingine chochote. Ninakushauri uzungumze na katekista wako juu ya hili mapema, kwa sababu mzazi akifundisha bila mtu wa kumsahihisha, makosa yake yanakua pamoja na mtoto.

Nikupe ukurasa mmoja wa daftari la binti yangu. Ilikuwa Juni 2019, Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, na Injili ya mwaka ule ilikuwa ya Luka, ile ya mikate mitano na samaki wawili. Kesho yake tulikuwa tunageuza dagaa kwenye kichanja, akaniuliza kwa jina la samaki wa ziwa letu, "Wale samaki wawili walikuwa migebuka?" Nikamwambia Injili haisemi. Akahesabu kwa vidole watu wa nyumbani kwetu, akasema hata wangekuwa migebuka wakubwa wasingetutosha sisi saba. Kimya kidogo, kisha: "Halafu mwenye samaki akabaki na nini?" Nilitaka kumjibu, nikakumbuka mzee alivyoniambia, nikamrudishia swali. Jioni aliandika daftarini kwamba mwenye samaki alikula pamoja na wengine na hakupungukiwa, na kwenye sehemu ya tendo akaandika kuwa amempelekea mtoto wa jirani sahani ya dagaa. Kweli alikuwa amepeleka, tena bila ruhusa yangu, dagaa wa kuuza. Sikumgombeza, ingawa nusura.

Juu ya kurudia mwaka, Sheria za Kanisa hazihesabu miaka. Kanoni ya 913 inadai mtoto awe na ujuzi wa kutosha na maandalizi mazuri, aelewe fumbo la Kristo kadiri ya uwezo wake na kuupokea Mwili wa Bwana kwa imani na ibada. Miaka miwili au mitatu ni utaratibu wa majimbo na parokia, na mwenye kupima ni paroko, wala si mimi wala si wewe. Kwetu kigango kilipofunguliwa paroko alikaa na kila mtoto peke yake, daftari likiwa mezani. Wanane walipokea baada ya kitubio, binti yangu akiwemo. Watatu waliambiwa wasubiri, na mmoja wao ni mwanangu mkubwa, ambaye miezi miwili ya mwisho alikuwa amemfuata mjomba wake kwenye kambi ya uvuvi na daftari lake lilikuwa tupu. Aliona aibu, akapokea mwaka uliofuata. Hivyo mwandikie paroko wako sasa, kabla hajapanga, umweleze mnachofanya nyumbani na umuulize atataka kuona nini.

Na usingoje kupata kitabu. Anza na Injili ya Dominika ya 18 ya Mwaka A, yaani mwaka wa masomo ya Injili ya Mathayo: ni Mathayo 14:13-21, mikate na samaki walewale. Ya Dominika inayofuata inaendelea palepale, Yesu akitembea juu ya maji na mitume wakihangaika na mawimbi usiku. Binti yako amekulia kando ya ziwa kama wangu. Msomee mara moja, polepole, bibi akiwepo, kisha muulize ni upepo wa namna gani ule.