Skrubu za Prizi Zisizoshika

SWALI: Ndugu Mhariri, prizi ya sebuleni kwetu hapa Kadutu, Bukavu, hutoka ukutani kila tunapochomoa chaja, kwa kuwa skrubu zake huzunguka bila kukaza. Je, ni lazima tubomoe ukuta?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Zima kwanza swichi kuu na uhakikishe kwa testa (kipima umeme) kwamba waya hazina umeme; fanya hivyo hata kama umeme umekatika mtaa mzima, kwani unaweza kurudi wakati vidole vyako vimo ndani. Ikiwa kisanduku kilichomo ukutani, ambamo prizi hufungwa, ni cha chuma na hesi (mifuo inayoshika skrubu) za tundu la milimita 3.5 zimelika, fundi huzichonga upya kwa ukubwa wa milimita 4, kisha hutia skrubu ya kipimo hicho. Kwa kisanduku cha plastiki, jaribu skrubu ndefu kidogo inayofikia sehemu isiyolika, mradi ncha yake isiguse waya. Ikishindikana, jaza tundu gundi ya epoksi, iache ikauke hadi kesho yake, ndipo utoboe tundu jembamba kuliko skrubu. Kujaza tundu kwa njiti ya kiberiti, njia inayopendwa mno na mafundi wetu, sikushauri, kwa sababu njiti hukauka na kulegea. Sikio la kisanduku, yaani sehemu yenye tundu la skrubu, likiwa limevunjika kabisa, badilisha kisanduku chenyewe.