Mbwa niliyemuokoa ananguruma kila nikimsogelea, nimrudishe au kuna njia?

SWALI: Dokta shikamoo. Niko Tanga. Wiki nne zilizopita nilimchukua mbwa jike wa kama miaka miwili alikuwa anafungwa mnyororo nyuma ya gereji, wenye gereji walihama wakamuacha na mnyororo wake. Tumempa jina Rozi. Shida ni kwamba anakaa chini ya mabanzi kutwa nzima, chakula anakula usiku tukishalala, nikimsogelea anabana mkia na kunguruma. Juzi nikaenda kuchukua sahani yake akanirukia, meno yakapita kwenye suruali, nina mchubuko kidogo tu haujatoa damu. Jirani anasema mbwa mkaidi dawa yake fimbo na kumlaza njaa siku mbili ajue nani anamlisha. Mke wangu anataka nimrudishe tu nilikomtoa. Nina mtoto wa miaka 5, na mama yangu anaishi na sisi, ni mtu wa swala, hataki mbwa amguse. Je huyu mbwa atazoea au napoteza muda?

JIBU: Marahaba kaka. Naanza na mguu wako kwanza, maana umeandika "mchubuko kidogo tu" kama kitu cha kupita na hicho sio cha kupita. Hujui kama huyo mbwa alishawahi kuchanjwa, jino limechubua ngozi, basi hiyo inahesabika hata kama damu haikutoka. Osha hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, najua ilikuwa juzi ila osha tu, halafu leo leo nenda hospitali uwaambie umeng'atwa na mbwa ambaye historia yake ya chanjo haijulikani, wakuanzishie sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Usikae kusubiri uone mbwa ataumwa au hataumwa, kichaa cha mbwa dalili zikishatoka kwa binadamu hakuna tena cha kufanya. Rozi mwenyewe mwangalie siku 10 kuanzia siku ile, akizimaliza anakula, anakunywa, yuko vilevile, maana yake siku aliyokuuma hakuwa na virusi kwenye mate, na hapo ndo mwite mtu wa mifugo amchanje. Akibadilika katikati hapo, mate yakaanza kumtoka, akashindwa kumeza, sauti ikabadilika, anayumba, asiguswe na mtu, piga simu ofisi ya mifugo.

Haya, sasa Rozi. Nimesoma maelezo yako mara mbili nikitafuta huo ukaidi na sijauona hata mahali pamoja, ninachoona ni mbwa anaogopa. Mbwa akitishwa kitu cha kwanza anachotaka ni kuondoka, na huyu miaka yote hiyo ameishi kwenye mnyororo, kuondoka hakupo, kwahiyo kilichobaki ni kunguruma na kunguruma kukishindikana ni meno. Afu kuna jambo la umri, mtoto wa mbwa anajifunza kwamba binadamu ni salama kwenye wiki ya 3 mpaka kama ya 14 hivi, akizipitisha hajashikwa vizuri na mtu anaweza kujifunza baadaye ila taratibu sana, kama mtu mzima anayejifunza lugha ngeni. Wiki nne kwa mbwa kama huyo ni muda mfupi mno kaka, ndo kwanza anaanza kujua mlango wa nyumba yenu uko wapi.

Kabla ya mafunzo yoyote lakini nataka tujue kama anaumwa. Mwaka fulani niliitwa kuangalia dume mmoja wakaniambia huyu ni muuaji, anataka kung'ata kila mtu anayemgusa kichwa. Tukampa dawa ya usingizi. Nikapitisha vidole shingoni, manyoya yako sawa kabisa kwa juu, ila chini yake nikakuta kitu kigumu kinazunguka shingo nzima, na harufu. Ilikuwa kola ya waya, walimvalisha akiwa mdogo, shingo ikakua waya haukukua, ukazama ndani ya nyama na ngozi ikafunga juu yake. Nilikaa karibu saa nzima naitoa. Wiki ya tatu yule mbwa alikuwa analaza kichwa kwenye goti la mwenye nyumba. Kwahiyo mbwa aliyetoka kwenye mnyororo mimi shingo ndo naiangalia kwanza. Wewe usimshike, muangalie tu kwa mbali: anajikuna sana shingoni? anageuza mwili mzima badala ya kichwa peke yake? kuna nzi wanamfuata hapo? Angalia na fizi akipiga miayo, zikiwa nyeupe nyeupe na amejaa kupe inaweza kuwa homa ya kupe, inatibika vizuri kwa doksisaiklini, ila ni vidonge vya karibu wiki nne na lazima dozi iishe. Daktari wa mifugo anaweza kukupa pia dawa ya kumtuliza ya kuweka kwenye chakula kabla hajaja, ili asimkamate kwa nguvu mkaharibu na kidogo mlichopata. Usimpe diklofenaki wala panado ya nyumbani, hizo zinaumiza mbwa.

Fimbo sasa. Kaka naomba sana usimpige, na kunguruma usimkataze. Kunguruma ni mbwa anakwambia "hapo ulipofika panatosha", ni taarifa, anakupa nafasi ya kurudi nyuma. Nimeshashona uso wa mtoto... hapana nisiseme nimeshona mimi, mimi natibu wanyama, ila nililetewa mbwa baada ya mtoto kushonwa, na familia nzima wakasema "hakunguruma hata kidogo, alimrukia tu". Nikauliza zamani alikuwa ananguruma? Wakasema ndio, tulimchapa mpaka akaacha. Hicho ndo kinachotokea. Hofu inabaki palepale, kengele ndo mnaitoa. Hii habari ya kumuonyesha mbwa nani bosi ina historia yake, mwaka 1947 mtafiti wa wanyama Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu wa kule Ulaya, sio hawa wetu wa Serengeti wenye mabaka, waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama ya Basel Uswisi, wakawa wanagombana sana nani awe juu. Watu wakachukua hiyo wakaipeleka kwa mbwa wa nyumbani. Baadaye David Mech aliyewafuatilia porini miaka mingi akaandika mwaka 1999 kwamba porini kundi kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, wanaongozwa kama familia, sio kwa vita vya cheo. Rozi hataki cheo cha mtu.

Kumlaza njaa nako ni kuongeza shida ileile. Anailinda sahani kwa sababu anaamini chakula kinaweza kupotea, ukimnyima siku mbili umemthibitishia.

Sasa cha kufanya. Nunua dagaa wakavu, wale wadogo wasio na chumvi. Alasiri jua likipoa chukua kigoda ukae mita nne au tano kutoka kwenye yale mabanzi, kaa ubavu, usimtazame machoni, usimwite, usinyooshe mkono. Mrushie dagaa mmoja karibu naye. Halafu, na hapa ndo wengi wanakosea, dagaa wa pili usimrushie katikati yenu ili umvute, mrushie nyuma yake. Yani afuate chakula kwa kukukimbia. Inaonekana kama unamfukuza lakini muangalie kitakachotokea, atakula kule, atageuka, na kama yuko tayari atapiga hatua moja mbili kurudi upande wako kwa hiari yake mwenyewe. Hiyo hatua ndo unayoitafuta. Mbwa anayevutwa kwa chakula mpaka miguuni kwa mtu anayemuogopa, chakula kikiisha anashtuka amefika wapi, na hapo ndo watu wanang'atwa wakisema "alikuwa anakula mkononi kwangu vizuri tu". Dakika tano mpaka kumi, mara mbili kwa siku, ondoka yeye akiwa bado anataka.

Kipimo chako ni mdomo wake. Akila yuko sawa, akiacha kula na dagaa yuko mbele yake wewe uko karibu mno, rudisha kigoda nyuma bila kumsemesha. Dalili nyingine ni ndogo ndogo, anajilamba pua wakati hakuna chakula, anapiga miayo na hana usingizi, anageuza uso lakini jicho linabaki kwako mpaka weupe unaonekana, au anaganda mwili mzima kama picha. Huko kuganda ndo kubaya kuliko vyote, kunakuja kabla ya meno. Ukikuona simama, geuza ubavu, ondoka taratibu.

Sahani iache. Usiichukue akiwa karibu, nunua ya pili, asubuhi yeye akiwa upande mwingine ndo unachukua ile. Akishazoea kula na wewe upo uani, pita kwa mbali, tupia kipande cha firigisi upande wa sahani na upitilize, usisimame. Baada ya siku nyingi za hivyo hatua zako zinaanza kumaanisha kinaongezeka, hazimaanishi tena kinaondoka. Mabanzi nayo usiyatoe na usimvute kutoka chini yake, pale ndo chumba chake.

Mtoto na mbwa wasibaki peke yao hata dakika unayoenda kufungua geti. Sio kwa sababu Rozi ni mbaya, mtoto wa miaka 5 anakimbia, anapiga kelele, anakumbatia, na uso wake uko usawa wa meno. Weka wavu au uzio mfupi kati yao, huko mbele mtoto atakuja kurusha dagaa juu ya wavu wewe ukiwa umemshika, ila sio mwezi huu.

Kuhusu mama, mimi sio sheikh, lakini nimekulia pwani na najua kwa wafuasi wa Shafii mate ya mbwa ni najisi, chombo kinaoshwa mara saba moja kwa udongo, hilo ni lake na liheshimiwe. Habari njema ni kwamba mpangilio anaoutaka mama ndo huohuo unaomfaa Rozi: banda lake upande wake, vyombo vyake havichanganywi, njia ya mama ya kwenda kutawadha haipiti kwake, hakuna kumshika shika. Na ile habari ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe dhambi zake, mama anaijua vizuri kuliko mimi, ongea naye hapo.

Utapata mbwa wa aina gani? Niwe mkweli kwako, sitegemei Rozi awe mbwa wa kubebwa na wageni. Nategemea ndani ya miezi mitatu minne awe anatoka mchana, anakusubiri getini, labda anakusogelea umkune kifua (kifua, sio kichwa, mkono unaotoka juu unawatisha). Kwangu huyo ni mbwa mzuri kabisa. Akianza kung'ata bila ishara yoyote, au akamfuata mtoto, hapo simamisha kila kitu tuongee upya. Ila kumrudisha alikotoka mwambie shemeji hakuna pa kumrudisha, pale kuna mnyororo tu.

Ukitoka hospitali leo kaa na kigoda chako jioni, na uniandikie umeona nini pale shingoni.