Riziki ya mnadani hupatikana siku ya ukaguzi

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mtu anaweza kupata riziki kwa kununua vyombo vya kale vya nyumbani mnadani na kuviuza tena, au kama hiyo ni kamari tu. Ninaifanya kazi hii hapa Mtwara, na jibu langu ni kwamba riziki ipo, ila hupatikana siku ya ukaguzi, kabla dalali hajataja bei ya kwanza. Anayesubiri kukitazama chombo wakati watu wanapandishiana bei huishia kununua maneno ya muuzaji.

Tangazo la mnada kwa kawaida husema kwamba mali itauzwa kama ilivyo na mahali ilipo, yaani nyundo ikishagongwa huna wa kumlalamikia. Kwa hiyo mimi hufika mapema nikiwa na tochi, kitambaa kikavu na sumaku. Shaba haishikwi na sumaku. Sinia au birika la "shaba" linaloing'ang'ania ni chuma kilichopakwa juu, na thamani yake ni nyingine kabisa.

Wauzaji wa huku hupenda kukipachika chombo historia. Taa ya chemli itaitwa ya enzi za Mjerumani, kwa kuwa kila mtu analijua boma la Mikindani lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Chombo cha Kiingereza kitasemwa kuwa kiliachwa na Wazungu wa mpango wa karanga, ule ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ambao kwa ajili yake bandari yetu ilianza kujengwa. Huenda hadithi hizo ni za kweli, lakini mara nyingi chombo chenyewe kimeandikwa. Chemli ya Feuerhand, chapa ya Kijerumani, yenye maneno "W. Germany" haiwezi kuwa ya enzi za Mjerumani, kwa sababu Ujerumani Magharibi iliundwa mwaka 1949, wakati utawala wa Wajerumani hapa ulikwisha na Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni taa nzuri na ina wateja, ila isilipiwe bei ya taa iliyotangulia vita hivyo.

Cherehani ya Singer naipenda kuliko vyombo vyote, kwa sababu ina wanunuzi wa aina mbili: fundi anayetaka kushonea, na mwenye hoteli anayetaka kuiweka barazani wageni waione. Namba yake imegongwa kwenye kitako, upande wa kulia, na kwa mashine zilizotengenezwa tangu mwaka 1900 hutanguliwa na herufi. Ukiilinganisha na orodha za kampuni utajua kiwanda na mwaka. Herufi Y, kwa mfano, ni ya kiwanda cha Clydebank, Uskoti, ambacho kilifungwa mwaka 1980. Baada ya namba huzungusha gurudumu taratibu nione kama sindano inapanda na kushuka bila kukwama, kisha humulika chini ya kitako, maana hewa ya chumvi ya pwani hula chuma kutoka pale pasipoonekana. Maua ya rangi ya dhahabu yaliyobaki mwilini mwake ni sehemu kubwa ya bei. Inaniuma sana kuona mtu ameyakwangua kwa msasa na kupaka rangi mpya akidhani anaiongezea mashine thamani.

Majira nayo yana uzito. Minada ya korosho ikianza, kwa kawaida mwezi Oktoba, na fedha za wakulima zikaingia, washindani huongezeka hata kwenye vyombo. Ndiyo sababu hununua kabla ya hapo na kuziuza cherehani za kushonea wakati huo.

Mlango wa nakshi siugusi. Iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na haitolewi nchini bila kibali, hata mnunuzi wa nje atoe kiasi gani.

Vyombo vizuri zaidi hutoka kwenye mirathi. Huko huomba kwanza kuona barua ya mahakama inayomtambua msimamizi, kisha huuliza mbele ya wote kama yupo mwanafamilia anayekitaka chombo fulani. Mjukuu akisema anakitaka kijaluba cha bibi yake, simpandii bei.

Msomaji, Mtwara