Kocha, Usiyadharau Makaratasi

Jumanne iliyopita kijana mmoja wa kwetu, kocha msaidizi katika chuo kimoja cha Texas, aliniandikia: "Mzee, wamenipa kazi kwenye ofisi ya wanafunzi. Nikiiacha riadha si nitakuwa msaliti?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo liliwahi kuninyima usingizi.

Mimi nilifika Marekani kwa miguu, maana mbio ndizo zilizonilipia karo. Tulikua tukisimuliwa habari za Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Kila mmoja wetu alitaka kuwa Rono. Goti langu likakataa, nikawa kocha. Miaka ya ukocha naipita. Ni alfajiri na basi dogo tu.

Siwezi kukipita kikao changu cha kwanza cha utawala. Nimevaa suti mpya, mkubwa mmoja akaniuliza mbele za watu kama firimbi nimeiacha nyumbani. Wakacheka. Nami nikacheka, na hapo ndipo penye aibu yenyewe. Bwana yule amestaafu. Fomu alizokuwa akizilaza mezani sasa nazitia sahihi mimi, tena siku hiyo hiyo. (Ndiyo, bado inauma.)

Hakujua kwamba kocha ni mtawala tangu zamani. Wakati wangu NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, iliruhusu timu ya riadha ya wanaume skolashipu 12.6. Kumi na mbili nukta sita, kwa warukaji, warushaji, wa mbio fupi na wa nyika! Nilizikata kama mama mwenye kuku mmoja na wageni ishirini, kisha nikampigia mzazi simu kumweleza kwa nini mwanawe kapata shingo. Baada ya hesabu hiyo, bajeti ya mabweni itakutisha nini?

Niliyemtazama ni LeRoy Walker, kocha wa riadha wa chuo cha North Carolina Central. Alimnoa Lee Calhoun, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 110 kuruka viunzi mwaka 1956 na 1960. Walker akaiongoza timu ya riadha ya wanaume ya Marekani kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Mwaka 1983 akawa chansela wa chuo hicho hicho. Na kule chansela ndiye mwendeshaji, si mtunuku shahada tu kama kwetu. Lakini shahada yake ya uzamifu aliipata New York University mwaka 1957, akiwa bado kocha. Hakungoja aitwe ofisini ndipo asome.

Basi soma, kijana. Mimi uzamili niliusomea kwenye hoteli za safari, vijana wakiwa wamelala. Soma bajeti ya idara yako. Soma kanuni za chuo. Narudia: soma! Sisi wakimbiaji tuna kiburi cha kudhani medali zitatusemea. Chuo chetu kilipoifuta timu ya wanaume, makombe yalitiwa kwenye maboksi, na kati ya makocha watatu nilibaki mimi, kwa ajili ya kile cheti cha uzamili. Wenzangu walikuwa makocha bora kuliko mimi. Mmoja hajapokea simu yangu tangu siku ile.

Kwa hiyo usaliti usiniulize mimi. Nitumie hiyo barua ya kazi kabla hujatia sahihi. Tazama kama mkataba ni wa miezi tisa au kumi na miwili. Mimi sikutazama, na kiangazi changu cha kwanza nilikula akiba.