Maswali na majibu: Uingereza, rangi na mlango wa kuingilia

Barua za safari hii nyingi zimegusa jambo moja: Uingereza na watu iliowaita raia wake. Nimechagua tano.

Babu yangu alikuwa Mhindi wa Kenya mwenye pasipoti ya Uingereza. Mwaka 1968 alizuiwa kuingia huko huko Uingereza. Iliwezekanaje? (Msomaji, Mombasa)

Ilitungwa sheria kwa ajili ya watu kama babu yako. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, wakazi wengi wenye asili ya Bara Hindi walipewa miaka miwili kuomba uraia. Wengi hawakuomba, wakabaki na pasipoti iliyotolewa na serikali ya London yenyewe. Sheria ya 1962, iliyowabana watu wa Jumuiya ya Madola, haikuwagusa wao.

Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara, na asiye raia hakuwa tena na uhakika wa kazi wala duka. Watu wakaanza kupanda ndege. Huko Uingereza wanasiasa kama Enoch Powell na Duncan Sandys wakapiga kelele, na Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan wa chama cha Labour, akapeleka mswada bungeni. Ulipitishwa kwa siku tatu, na tarehe 1 Machi 1968 ukawa sheria. Tangu hapo pasipoti peke yake haikutosha: ilibidi wewe, mzazi wako, au babu au bibi yako awe amezaliwa au amepewa uraia Uingereza kwenyewe. Mlowezi wa Nakuru alikuwa na babu huko, babu yako hakuwa naye. Neno rangi halikuandikwa popote katika masharti hayo, lakini kila mtu alijua nani atapita na nani atakwama.

Waliobaki nje waliwekewa vocha (vibali vya kuingia) 1,500 tu kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Wengine walirushwa kutoka kiwanja kimoja cha ndege hadi kingine, hakuna nchi ya kuwapokea. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba kuwabagua kwa namna ile kulikuwa kuwadhalilisha. Babu yako hakukosea kitu katika karatasi zake.

Shikamoo. Nimesoma kuwa mwaka huo huo wa 1968 Uingereza ilipiga marufuku ubaguzi wa rangi. Serikali moja inafanyaje yote mawili? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba. Ni kweli: Oktoba 1968 serikali hiyo hiyo ilikataza ubaguzi katika kazi, nyumba na huduma. Hoja yao ilikuwa kwamba wageni wakiwa wachache, wazungu watatulia, na waliokwisha kuingia watatendewa haki. Naiona hoja hiyo kuwa mbaya kabisa, kwa sababu inakubali tangu mwanzo kwamba mtu mweusi ni mzigo wa kupunguzwa. Na haikumtuliza mtu. Wiki saba baada ya mlango kufungwa, tarehe 20 Aprili, Powell alitoa Birmingham hotuba yake ya kutisha, akitabiri kwamba uhamiaji utaleta umwagaji damu. Edward Heath, kiongozi wa chama chake cha Conservative kilichokuwa upinzani, alimwondoa katika baraza lake kivuli, lakini makuli wa bandari ya London waliandamana kumuunga mkono.

Mimi ni nesi Manchester. Haya maandamano na migomo yamewahi kuleta nini? (Dada wa Nyeri)

Yameleta sheria yenyewe, dada. Mwaka 1963 kampuni ya mabasi ya Bristol ilikataa kuwaajiri weusi na Waasia kama madereva na makondakta, na tawi la chama cha wafanyakazi liliunga mkono. Kijana Guy Bailey alinyimwa usaili mara ilipojulikana ni mtu wa Jamaika. Wanaharakati Paul Stephenson, Roy Hackett na wenzao wakatangaza kususia mabasi. Miezi minne baadaye, tarehe 28 Agosti, kampuni ilisalimu amri, na Septemba Raghbir Singh akawa kondakta wa kwanza asiye mzungu. Miaka miwili baadaye Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya kupinga ubaguzi.

Si kila mgomo hushinda. Jayaben Desai, aliyewahi kuishi Tanzania, aliongoza mgomo wa kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, London, kuanzia 1976 hadi 1978, na wengi wa waliogoma walikuwa wanawake wa Kiasia waliotoka Afrika Mashariki. Walishindwa. Lakini wachimba migodi na watu wa posta walisimama nao, ilhali miaka kumi nyuma makuli walikuwa wameandamana kwa ajili ya Powell.

Tunawasema Waingereza. Na sisi? (Msomaji, Kisumu)

Na sisi tuulizwe. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na hata wenye uraia wa Uganda walinyang'anywa karatasi zao. Kiasi cha 28,000 walipokelewa Uingereza, ingawa halmashauri ya Leicester ilitangaza katika gazeti la Uganda kwamba wasiende huko. Kuna waliosema Amin anarudisha mali kwa wananchi. Mimi nasema mtoto aliyezaliwa Jinja alikuwa wa Jinja.

Palikuwa na njia nyingine. Oktoba 1961 baadhi ya wabunge wa Tanganyika walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, alikataa kwa ukali, akasema serikali yake itajiuzulu kama mswada wa uraia usiobagua rangi utaangushwa. Ulipita.

Wakala wa nyumba aliniambia chumba kimechukuliwa. Rafiki yangu mzungu alipopiga simu, kikawa kipo. Nifanye nini? (Baba, Leicester)

Andika leo hii tarehe, saa, jina la aliyekujibu na maneno aliyosema, na rafiki yako aandike yake. Hifadhi tangazo na ujumbe wote. Sheria ya Usawa ya 2010 inakataza jambo hilo. Mwenye nyumba wa England anatakiwa kisheria kukagua kibali cha ukaazi, lakini amkague kila mpangaji, si wewe peke yako. Nenda Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi; ushauri wao ni bure. Mahakama ya kaunti ndiyo husikiliza kesi za nyumba, na madai hufunguliwa ndani ya miezi sita, kwa hiyo usingoje wakala akuombe radhi.